Zamu ya Salu

Kuna kitendawili kimoja pande za Nkoma ambacho wakubwa hutegeana wenyewe kwa wenyewe: nimepanda mbegu bila mvua, sijaipalilia hata siku moja, na kila mwaka inaota. Ukishindwa usihangaike kunipa mji, nitakutegulia bure. Ni kinyongo. Na katika kijiji kile hakuna aliyekuwa na shamba kubwa la mbegu hiyo kuliko Benedikta mke wa Masunga, mama wa kanisani, rozari shingoni, mkono mwepesi kumpa mpita njia maji ya kunywa. Shamba lote lile alimlimia mtu mmoja: bibi Salu, mke wa mzee Ngeleja, ng'ambo ya korongo.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa nane, miti ya pamba imekwisha kung'olewa na kurundikwa majumbani iwe kuni, Philomena alikuja mbio akamkuta Benedikta uani anapepeta mtama. Akamwambia mzee Ngeleja amefariki, ameanguka zizini wakati anakamua.

Benedikta hakuacha kupepeta. Aliupepeta ule mtama mpaka makapi yakaisha, akapuliza, akautazama karibu punje kwa punje, ndipo akauliza Salu yuko na nani. Philomena akasema yuko peke yake. Mabinti wameolewa Kalemela, hawafiki kabla ya kesho. Mwana wa kiume yuko Dar es Salaam, na huyo hata simu hapokei.

"Peke yake," alisema Benedikta, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

Ili uujue utamu aliouonja, lazima uijue desturi. Kijiji kile kina kikundi cha akina mama cha msiba. Mtu akifa, kila nyumba inaleta ndoo ya maji, unga, na mzigo wa kuni au miti ya pamba. Hapigiwi mtu simu wala haipigwi ngoma. Mama mwenyekiti anajifunga kanga kiunoni, anatoka kwake bila kusema neno, anaelekea msibani. Wanawake wakimwona anapita wanabeba ndoo zao na kumfuata. Kanga ile ndiyo kengele. Lakini nyumba ikikosa misiba mitatu bila kutoa sababu, iko nje. Siku yake ikifika kanga haifungwi, na hatoki mtu.

Miaka kumi na moja nyuma, mwenyekiti alikuwa Salu. Benedikta alikuwa mama kijana, na kitinda mimba wake, Limbu, wa miaka minne, alilazwa Bariadi miezi miwili. Wakubwa wake wawili, Method na Gloria, walipelekwa Sola kwa baba yao mdogo Mabula. Masunga alikuwa mtu wa barabarani, leo hospitali, kesho shambani. Katika miezi hiyo walikufa watu watatu kijijini, na nyumba ya Masunga haikuonekana kwenye msiba hata mmoja. Kisha Limbu naye akafa. Walipomleta nyumbani, Salu aliinua vidole vitatu mbele ya akina mama, akasema sheria ni sheria, akakaa.

Kaburi walichimba wawili, Masunga na Mabula. Maji ya kumwogeshea mtoto alichota Benedikta mwenyewe, kwenye mashimo ya mchanga mtoni, na njia ya mtoni inapita mbele ya mlango wa Salu. Salu alikuwa amekaa pale mlangoni anabambua karanga. Benedikta, na ndoo kichwani, akamwamkia kama mdogo anavyomwamkia mkubwa: mwangaluka, mayu, yaani umeamkaje, mama. Salu akaendelea kubambua karanga.

Baadaye Masunga alitoa mbuzi wa faini, wakarudishwa kikundini, mambo yakaisha. Aliyesema yameisha ni Masunga. Benedikta yeye alianza kuhudhuria misiba. Akawa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alikoroga uji wa wafiwa, akafua mashuka ya wagonjwa, akaosha maiti ambazo ndugu zao wenyewe waliziogopa. Watu wakasema mama huyu ana moyo. Padri akamtaja kanisani. Baada ya miaka saba wakampa uenyekiti, na hicho ndicho alichokuwa anakitafuta. Jioni, familia ikisali Baba Yetu, ikifika pale pa kusameheana, alishikwa na kikohozi. Kila siku, miaka yote. Gloria alipokuwa mdogo alidhani kile kikohozi ni sehemu ya sala.

Salu akazeeka. Miguu ikamvimba, akawa hatoki uani kwake bila mkongojo. Misiba ikaanza kumpita. Mwanzoni alikuwa anatuma unga kwa mkono wa jirani. Jirani akahama, unga ukakoma. Msiba wa kwanza, wa pili, wa tatu. Benedikta hakumkumbusha. Alingoja tu, kimya, kama unavyomngoja kuku aingie bandani mwenyewe.

"Basi hatutoki," alimwambia Philomena.

Philomena, ambaye alikuwa msaidizi wake, akauliza kama mwenyekiti ameisahau ile miguu. Benedikta akajibu kwamba miguu imevimba, mdomo haukuvimba, angeutuma huo. Philomena akajaribu upande mwingine: kweli mzee Ngeleja hakubatizwa, alikuwa mtu wa mizimu yake, lakini maiti ni maiti.

"Limbu wangu alibatizwa," alisema Benedikta. "Wewe ulimletea maji?"

Philomena akatazama chini. Siku ile alikuwa ndani kwake, mlango umefungwa, kama wenzake wote. Akaondoka kupeleka habari nyumba kwa nyumba kwamba mwenyekiti hatoki.

Mchana walikula wote wanne. Method alikuwa na miaka ishirini, mabega ya baba yake, analima na kufyatua matofali. Gloria alikuwa na kumi na saba, anasubiri nafasi ya chuo cha uuguzi. Wote wawili walikuwa vijana wa parokia, na kama kuna jambo Benedikta na Masunga walilijivunia ni hilo: tangu wadogo waliwafundisha kila Jumamosi kumchotea maji mtu asiyejiweza, kufagia kanisa, kumshika mkono kipofu mpaka sokoni. Benedikta mwenyewe ndiye aliyewafundisha, kwa maneno na kwa fimbo. Kwa hiyo Method alipouliza kama habari za Ngeleja zimemfikia, mama yake alisema zimemfikia, akamega ugali. Masunga aliitazama sahani yake kama anayetafuta jiwe kwenye maharage.

Katika nyumba ile, baada ya kula, hutegana vitendawili. Gloria akammwagia baba yake maji ya kunawa, akasema, bila kumtazama mtu:

"Kitendawili."

"Tega," alisema Method.

"Nyumba haina mlango, haina hodi, na hata adui anaingia."

Benedikta alikijua kabla binti hajafunga mdomo. Ni msiba. Hakuna anayebisha hodi msibani. Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto huyu kutega, na sasa ametegwa na mwanafunzi wake mwenyewe, mezani pake.

"Mama hajui?" alisema Gloria. "Basi nipe mji."

"Chukua wowote. Chukua hata Dar es Salaam, umtafutie Salu mwanawe."

Watoto wakatoka, Masunga akatoka nyuma yao akisema anakwenda kuangalia ng'ombe. Benedikta akabaki peke yake, akatandika mkeka kivulini kwa jiko, akakaa akitazama ng'ambo ya korongo. Nyumba ya Salu ilionekana vizuri kutoka pale. Ua mtupu. Hakuna moshi, hakuna mtu anayeingia wala kutoka. Alimfikiria yule bibi ndani, na maiti kitandani, na mtungi umekauka, na miguu inayokataa kumpeleka mtoni. Alimfikiria anasikiliza nyayo njiani, akidhani hawa sasa wanakuja, kisha nyayo zinapita. Alikaa na mawazo hayo kwa raha kabisa, na usingizi ukamchukua, usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu.

Alipoamka jua limeinama. Akaenda kuchukua miti ya pamba awashe moto wa jioni, akakuta rundo limebaki nusu. Madumu ya maji mawili hayapo. Akaingia stoo, mahali linapokaa sufuria kubwa la kikundi pamoja na mwiko wake mrefu, mali ya akina mama inayolala kwa mwenyekiti. Sakafu tupu, duara la vumbi mahali sufuria lilipokuwa. Akatoka nje akatazama ng'ambo. Uani kwa Salu moshi ulikuwa unapanda.

Alijua bila kuuliza. Mdomo wake ukaanza kazi, ukipanga atakachomfanya Gloria: atamshika sikio mbele ya watu, atalipiga teke lile sufuria limwagike lote, atamwambia Method apande kutoka shimo la kaburi analochimba. Na mdomo ulipokuwa unapanga hayo, mikono nayo ilikuwa na yake. Mtu akiwa na hasira hajitandi kanga mabegani, anaifunga kiunoni. Mikono ikafunga fundo, ikalikaza, na Benedikta akatoka kwake kwa mwendo wa haraka bila kusema neno.

Akapita kwa Philomena hakumwona. Akapita kwa mke wa Maige, akapita kwa Joyness, macho yake kwenye ule moshi tu. Alikuwa ameshaanza kushuka korongoni aliposikia nyuma yake mlio anaoujua, mlio wa vifuniko vya ndoo. Akageuka.

Philomena alikuwa mbele, ndoo kichwani. Nyuma yake Joyness na unga. Nyuma yao wanawake ishirini na zaidi, mmoja baada ya mwingine katika njia nyembamba, mizigo ya miti ya pamba vichwani, nyuso za msiba. Ndipo Benedikta alipojitazama kiunoni.

"Nilijua, mwenyekiti," Philomena alisema kwa sauti ya chini, machozi yanamlenga. "Niliwaambia moyo wake utamshinda tu."

Benedikta akafungua mdomo. Angewaambia rudini, sikuwa nakwenda msibani. Wangeuliza, unakwenda wapi? Ingebidi aseme: nakwenda kupigana na binti yangu, kwa sababu ameniibia sufuria na kuvunja neno langu. Wanawake ishirini na ndoo vichwani wangesimama pale wakamsikiliza hayo. Akaufunga mdomo, akageuka, akapanda ng'ambo ya pili, nao wakapanda nyuma yake.

Uani kwa Salu palikuwa na vijana wa parokia kama kumi. Wengine wanapasua mizizi iwe kuni, wengine wanarudi mtoni na madumu. Karibu na zizi Method alikuwa ndani ya kaburi, kinaonekana kichwa tu na sepetu likirusha udongo, na juu yake, ukingoni, jembe mkononi na shati amelivua, alisimama Masunga, aliyesema anakwenda kuangalia ng'ombe. Gloria alikuwa anausonga ugali katika lile sufuria kubwa, ameushika mwiko kwa mikono miwili.

Yote hayo Benedikta aliyategemea. Hakutegemea kilichofuata. Msichana mmoja aliuliza chumvi ya mboga iko wapi. Gloria akamwachia mwiko, akaingia ndani ya nyumba ya Salu bila kubisha, akatoka na kikopo cha chumvi. Hakuuliza mtu. Mbwa wa Salu, ambaye anabwekea hata kivuli chake, alimfuata akijisugua miguuni pake. Mtu hajui chumvi ya mwenzake inakaa wapi kwa siku moja. Benedikta akazikumbuka Jumamosi zote ambazo watoto wale waliaga wanakwenda mazoezi ya kwaya. Miaka miwili ya kwaya, na Gloria anarudi na kanga iliyolowa maji mabegani, na yeye mama yake hakuuliza ni wimbo gani unaoimbwa na ndoo kichwani.

Salu alikuwa amekaa mkekani mlangoni pake, miguu ameinyosha, imevimba kama maboga. Aliinua uso. Sepetu likasimama kaburini.

"Salu," alisema Benedikta. Hakusema mayu, na kila mmoja pale alisikia kwamba hakusema. "Unanifahamu?"

"Nakufahamu, mama Limbu."

Miaka kumi na moja hakuna aliyemwita hivyo. Kijiji kizima kilikuwa kinamwita mama Method. Jina lile lilimpata kifuani, lakini hakukubali limrudishe nyuma. Akasema yote, amesimama, mbele ya wanawake na vijana na mumewe: kwamba siku ile alipita njia ile na ndoo, kwamba alimwamkia, kwamba alipita mara nne kwa maji ya kumwogesha mtoto aliyekufa, na mara zote nne Salu alikuwa anabambua karanga.

"Mara tano," alisema Salu.

"Nini?"

"Ulipita mara tano. Ya tatu ulijikwaa pale, penye lile jiwe, maji yakamwagika yote, ukarudi kuchota tena. Nilikuwa nakutazama. Nilijua nikiinuka mimi, hawa wote watainuka. Sikuinuka." Alivuta pumzi. "Uenyekiti ni mtamu, mwanangu. Nilipenda kuogopwa. Mengine yote niliyosema ya sheria, ni maneno."

Benedikta alikuwa na maneno ya miaka kumi na moja. Alikuwa nayo ya Salu atakayekana, ya Salu atakayelia, ya Salu atakayeomba. La Salu huyu hakuwa nalo hata moja. Hasira ikazunguka ikitafuta pa kutokea, ikamkuta Gloria amesimama na mwiko, macho yamemtoka. Yeye na kaka yake waliambiwa Limbu aliugua akafa. Hawakuwahi kuambiwa alizikwaje.

"Umesikia?" Benedikta alimwuliza. "Huyo ndiye unayempikia. Ungejua hayo, ungekuja?"

Gloria akaukaza mwiko viganjani.

"Ningekuja hivyo hivyo, mayu. Ila ningekuomba wewe kwanza. Nisingekuibia."

Akina mama wakashika vinywa. Benedikta akainua mkono ampige kofi, na mkono ulipofika kwenye bega lake mwenyewe akagundua kwamba shavu la binti yule liko juu zaidi. Ingebidi aunyoshe. Lini lilipanda kule, shavu alilokuwa akilifuta uji kwa kidole? Akayaona malengelenge kwenye viganja vilivyoshika mwiko, mawili yamepasuka. Method alikuwa ametoka kaburini. Akaja, udongo mpaka kwenye kope, akasimama kando ya dada yake. Alisimama tu, kama Masunga alivyosimama ukingoni mwa kaburi dogo siku ile, na Benedikta akaushusha mkono. Hawa niliwazaa mimi, alijiambia, na hakujua kama analalamika au anajisifu.

"Huo ugali una madonge," alisema. "Lete mwiko."

Akausonga mwenyewe, kwa nguvu, mpaka jasho likamdondoka. Wanawake wakapata pumzi, wakatua ndoo, kazi zikaanza. Wazee wakaingia kumwosha marehemu, azikwe kesho mabinti wakifika. Ugali ulipoiva Benedikta alipakua sahani ya kwanza, akaipeleka mkekani, akachuchumaa mbele ya Salu uso kwa uso. Akamega tonge.

"Leo utakula mkononi mwangu," alimwambia. "Leo, na kesho, na kesho kutwa. Na kila tonge ujue limetoka kwa mama yake Limbu."

Salu akakinga kiganja. Akapokea, akala, machozi yakimshuka mpaka kwenye ugali, na Benedikta akamtazama kila alipotafuna. Alikuwa anausubiri ule utamu. Ulikuja, nisidanganye, ulikuja. Lakini ulikuwa kama muwa ambao mtu mwingine amekwisha kuutafuna, ukabaki wewe kunyonya nyuzi. Akamega tonge la pili.

Masunga alikuja baadaye akijifuta udongo, akasimama karibu naye wakiwatazama watoto wao. Method alikuwa anawapanga vijana nani alinde kaburi na nani akawapokee mabinti wa Kalemela asubuhi, na wazee wa kijiji walikuwa wanamsikiliza. Gloria alikuwa amempigia magoti bibi kizee mmoja asiyeona, anamwonyesha sahani ilipo kwa kumshika kidole.

"Umewaona?" alisema Masunga.

"Nimewaona. Na wewe uliyejua miaka miwili ukanyamaza, nitakuona nyumbani."

Masunga akakohoa, akarudi kwa wanaume.

Jua lilipokuwa linagusa vilima, akina mama walianza kufunga ndoo zao. Philomena akauliza, kama desturi inavyotaka, nani wawili watabaki kulala na mfiwa. Wakatazamana. Mmoja ana mtoto mchanga, mwingine ana mgonjwa.

"Mimi na Gloria," alisema Benedikta.

Gloria aligeuka, na uso wake ukaanza kufunguka.

"Usinitazame hivyo," mama yake alimwambia. "Sijamsamehe. Nataka akifungua macho asubuhi, wa kwanza kumwona niwe mimi."

Gloria alitandika mkeka wa watu wawili pale mlangoni, na Salu akaikokota miguu yake pembeni, kidogo kidogo, kuwapa nafasi.